Kikundi cha Kuacha Pombe: Namna ya Kukitafuta na Kukipima

Kikundi cha kusaidiana kuacha pombe ni mkutano wa watu walioshindwa kunywa kwa kiasi, wanaokutana mahali palepale, siku ileile na saa ileile, ili kila mmoja aimalize wiki nyingine bila kulewa. Hakina daktari wala kitanda, na wanaokiongoza ni waliokuwa walevi wenyewe, kwa zamu. Hapo ndipo kinapotofautiana na kituo cha tiba, ambako mtu hulazwa kwa wiki au miezi na kulipia, na ndipo kinapotofautiana pia na mkesha wa maombi, ambako mtu huombewa na wengine. Kikundi huanza kazi pale viwili hivyo vinapoishia: siku mtu anaporudi mtaani kwake na kulazimika kupita mbele ya baa ambayo bado wanamwekea kiti.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 400 duniani walikuwa na matatizo ya kiafya yatokanayo na unywaji, na kati yao milioni 209 walikuwa wametawaliwa na pombe kabisa. Afrika Mashariki haina vitanda vya kuwalaza hata sehemu ndogo ya watu wake wa namna hiyo, na hata vingekuwapo, kulazwa peke yake hakutoshi. Mraibu wa heroini anaweza kuhama kijiwe na kubadili njia. Anayeacha pombe hana njia ya kupita isiyokuwa nayo. Kilimanjaro kuna mbege kwenye mazungumzo ya mahari, Iringa kuna ulanzi msimu mzima wa mvua, magharibi ya Kenya kuna busaa baada ya kazi ya shamba, Pwani kuna mnazi, na kila mahali kuna bia kwenye harusi na chang'aa, gongo au waragi kwa mwenye fedha kidogo. Kukataa glasi mbele ya wajomba ni kazi ngumu kuliko watu wasiokunywa wanavyodhani, na mtu hujifunza kuifanya kutoka kwa mwingine aliyekwisha kuifanya.

Ila kuna jambo la kitabibu linalotangulia kikundi chochote. Mtu ambaye mikono humtetemeka asubuhi mpaka azimue, au anayeamka usiku kunywa ili apate usingizi, hapaswi kuacha ghafla akiwa nyumbani peke yake. Mwili uliozoea pombe kila siku hushtuka inapokatika. Degedege linaweza kumpata kati ya saa 6 na saa 48 baada ya glasi ya mwisho, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne baadhi ya watu huweweseka, hutokwa na jasho jingi, hupandwa na homa na huona wadudu au watu ambao hawapo. Vijijini hali hiyo husemwa ni mapepo au kurogwa, mgonjwa akafungiwa chumbani, na wapo wanaofia humo. Hospitalini tatizo hilo hutibika: dawa za kutuliza kama diazepamu kwa siku chache zinazopunguzwa taratibu, vitamini B1, maji na uangalizi. Kwa wengi, hatari hupita ndani ya wiki moja, na baada ya hapo ndipo kikao cha kikundi kinapoanza kuwa na maana.

Kwa asiyejua yuko daraja gani, kipo kipimo rahisi cha maswali 10 kilichotayarishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa miaka ya 1980, kijulikanacho kwa kifupi kama AUDIT. Majibu hujumlishwa kuanzia 0 hadi 40, na anayefikisha 8 au zaidi huhesabiwa kwamba unywaji wake umeanza kuwa na madhara. Toleo lake la Kiswahili limejaribiwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa wagonjwa walioletwa na majeraha. Muuguzi wa kliniki ya afya ya akili anaweza kulimaliza na mgonjwa kwa dakika chache. Faida yake kubwa si namba inayopatikana. Ni kwamba mazungumzo huanza na maswali ya kawaida, badala ya kuanza na lawama.

Asili ya vikundi hivi inaeleza kwa nini vinafanya kazi jinsi vinavyofanya. Mei 1935, dalali wa hisa wa New York aitwaye Bill Wilson alikwenda mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, kwa shughuli ya biashara. Shughuli ikaharibika. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe, na sasa alikuwa amesimama ndani ya hoteli, mfuko umekauka, akisikia kelele za baa ya pale pale hotelini. Aliona kwamba akikosa mlevi mwingine wa kuzungumza naye, atakunywa. Akaanza kupigia simu makanisa yaliyokuwa kwenye orodha ukutani, mpaka akaunganishwa na mama mmoja, Henrietta Seiberling, aliyemfahamu daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa inammaliza, Robert Smith. Wawili hao walikutana tarehe 12 Mei. Smith, aliyekuwa amesema hatakaa zaidi ya dakika 15, alikaa kwa saa kadhaa. Wilson hakumhubiria. Alimsimulia tu yaliyompata yeye.

Wiki chache baadaye Smith alikwenda kwenye mkutano wa madaktari Atlantic City akalewa kupita kiasi. Akarudi, akapokelewa, na tarehe 10 Juni 1935 akanywa kwa mara ya mwisho. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, yaani AA, ambayo leo ina vikundi katika nchi zipatazo 180. Anayesoma habari hiyo kwa makini ataona mambo mawili ambayo mara nyingi husahauliwa. Kwanza, aliyekuwa anatafuta msaada siku ile Akron ni yule aliyekwisha kuacha. Hakwenda kutoa sadaka, alikwenda kujiokoa. Pili, mmoja wa waasisi wenyewe alianguka baada ya kikao cha kwanza, na hakuna aliyemfukuza.

Kufikia 1939 walikuwa wametoa kitabu chenye hatua 12, ambacho sasa kimetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Hatua hizo huanza na kukiri kwamba pombe imemshinda mtu, hupita kwenye kujichunguza na kueleza makosa yake mbele ya mtu mwingine, hufika kwenye kuorodhesha aliowakosea na kwenda kuwalipa au kuwaomba radhi pale isipoleta madhara zaidi, na huishia kwenye kumsaidia mlevi mwingine. Mungu hutajwa, lakini kila mtu anaachiwa kumwelewa kwa namna yake. Kanuni za uendeshaji zilikuja baadaye na kupitishwa mwaka 1950: sharti la pekee la kuwa mwanachama ni kutaka kuacha pombe, kikundi hujiendesha kwa michango ya wanachama wake tu bila kupokea fedha za nje, na majina ya waliomo hayatangazwi.

Kikao chenyewe huwa cha saa moja au moja na nusu. Viti hupangwa duara au kuzunguka meza. Mwenyekiti wa siku husoma utangulizi mfupi, kisha huuliza kama kuna mgeni. Mgeni anaweza kutaja jina lake la kwanza au kunyamaza, na akinyamaza hakuna atakayemsukuma. Mmoja husimulia kwa dakika 10 au 15 alivyokuwa akinywa, kilichomfanya aache, na hali yake sasa. Baada yake wengine huzungumza mmoja mmoja, na hapa kuna sheria inayowashangaza watu waliozoea vikao vya ukoo: hakuna kujibizana. Mtu akisema jana aliiba fedha za ada ya mtoto akanywea, hakuna mzee atakayesimama kumkemea. Anayefuata atasema la kwake. Ukimya huo wa heshima ndio unaowafanya watu waseme ukweli ambao hawajamwambia hata mke au mume. Mwishoni kapu hupitishwa, anayeweza huweka chochote na asiyeweza hulipitisha, na katika vikundi vingi waliotimiza siku 30, miezi 6 au mwaka hupewa kisarafu cha ukumbusho. Chai hufuata, na wazoefu husema kwamba nusu ya kazi hufanyika wakati wa chai.

Baadhi ya vikao viko wazi kwa yeyote, ndugu na wanafunzi wa uuguzi wakiwamo. Vingine ni vya wenye tatizo peke yao. Mgeni akishazoea, hushauriwa kumchagua sponsa, yaani mwanachama mzoefu wa jinsia yake ambaye atampitisha kwenye hatua na kupokea simu yake saa yoyote. Saa yenyewe kwa kawaida si usiku wa manane. Ni saa kumi na moja jioni siku ya mshahara.

Je, vikao hivi vinasaidia kweli? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la kila mtu na uzoefu wake. Mwaka 2020 watafiti John Kelly, Keith Humphreys na Marica Ferri walikusanya tafiti 27 zenye jumla ya watu 10,565, wakalinganisha programu za kuwaunganisha wagonjwa na AA kwa utaratibu maalumu na tiba nyingine za ushauri. Baada ya mwaka mmoja, kati ya kila watu 100 waliounganishwa na vikundi, 42 walikuwa hawanywi kabisa, wakati kwa tiba nyingine walikuwa 35. Namba hizo zinastahili kusomwa pande zote mbili. Kuunganishwa na kikundi kisicho na ada kulifanya vizuri kuliko tiba nyingine, na hata hivyo zaidi ya nusu walikunywa tena. Yeyote anayeahidi kwamba kikundi chake humponya kila mtu anauza kitu.

Tafiti hizo kwa sehemu kubwa zilifanyika Marekani, kwa hiyo kazi iliyofanyika Eldoret, Kenya, ina uzito wa pekee kwa wasomaji wa Kiswahili. Huko, kupitia mpango wa AMPATH unaofungamana na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, mtafiti Rebecca Papas na wenzake walitayarisha mafunzo ya kikundi kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao walikuwa wakinywa kwa wingi. Vikao vilikuwa 6, kimoja kila wiki, dakika 90 kila kimoja, kwa Kiswahili, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Waliofundisha hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa washauri wa kawaida waliofunzwa kwa ajili hiyo. Yaliyojadiliwa ni mambo ya mtaani hasa: mtu afanye nini akialikwa busaa, apite wapi akitoka kazini, amjibu nini rafiki anayemdhihaki.

Katika jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha watu 75, siku 90 baada ya mafunzo asilimia 69 ya waliopitia kikundi walisema hawanywi, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata, wenye watu 614, uliwalinganisha waliopitia mafunzo hayo na kundi lililopewa masomo ya afya kwa muda uleule, na bado waliojifunza mbinu za kuacha pombe walikunywa kwa siku chache kuliko wenzao katika miezi iliyofuata. Mpango huo ulipewa jina la RAFIKI. Haukuwa AA, na haukuwa na hatua 12. Kilichofanana ni duara la viti, siku isiyobadilika, na watu wa hali moja wanaosikilizana. Hivyo anayetafuta kikundi asihangaike sana na jina lililoandikwa mlangoni.

Mahali pa kuanzia kutafuta hutegemea nchi. Kenya ina njia iliyo rahisi zaidi: namba ya bure 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na matumizi ya dawa za kulevya, ambako mpigaji huzungumza na mshauri na kuelekezwa kwenye huduma. Vikundi vya AA viko Nairobi na miji mingine, vingi vikikutana katika kumbi za makanisa au ndani ya vituo vya tiba, na mara nyingi lugha hubadilika katikati ya sentensi kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili na sheng. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi huhudumia wenye uraibu, na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba huwa wanajua ni wapi katika kata yao watu wanakutana, hata pale ambapo hakuna bango.

Tanzania, mlango wa kwanza ni kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya rufaa, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe mjini Dodoma, KCMC mjini Moshi na hospitali ya Lutindi huko Korogwe zote hupokea wagonjwa wa pombe, na mgonjwa anapotoka ana haki ya kuuliza swali moja ambalo wengi hulisahau: waliotoka hapa kabla yangu wanakutana wapi? Njia ya pili ni nyumba za upataji nafuu, ambazo mtaani huitwa soba hausi. Zilianza Zanzibar mwaka 2009, zikiendeshwa na vijana waliokuwa wametumia heroini wenyewe, kisha zikaenea Bara. Wengi waliomo ni wa dawa za kulevya, na mnywaji wa gongo anaweza kujiona hahusiki pale. Hilo si kweli. Vikao vya Narcotics Anonymous, ambavyo nyingi ya nyumba hizo huvifuata, huihesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyingine, na mlango wake uko wazi kwa mlevi wa kawaida. Uganda kuna kitengo cha pombe na dawa za kulevya katika hospitali ya Butabika, Kampala, ambacho wauguzi wake hujua vikundi vilivyo hai.

Kliniki za virusi vya UKIMWI na za kifua kikuu nazo zisisahauliwe. Pombe huwafanya wagonjwa waruke dozi, kwa hiyo wahudumu wake wamelazimika kujua nani mtaani anasaidia.

Kuuliza kwenyewe kuna aibu yake, hasa katika mji mdogo. Wengi hupita njia ya pembeni: huuliza kwa niaba ya "ndugu". Hakuna ubaya, na mhudumu mwenye hekima hujibu bila kuuliza zaidi. Wengine huchagua kikundi cha wilaya jirani ili wasionane na mwalimu wa watoto wao. Miezi ya mwanzo mbinu hiyo husaidia, ingawa nauli huja kuwa kisingizio cha kukosa. Kikundi kilichoko umbali wa kutembea, hata kama kina watu 5 tu na kiti kimoja kibovu, kina nafasi kubwa ya kumweka mtu kuliko kikundi maarufu kinachohitaji mabasi mawili.

Ukaribu ukishapatikana, ratiba ndiyo ya kuangaliwa. Kikundi kinachokutana "tukipata nafasi" hakijawa kikundi. Mlevi anayepambana anahitaji kujua kwamba Jumatano saa kumi na mbili jioni mlango utakuwa wazi, mvua inyeshe isinyeshe, mwenyekiti awepo asiwepo. Saa za jioni ni bora kuliko asubuhi, kwa sababu kiu huja kazi inapoisha, na mwisho wa mwezi ndio wakati wa hatari kubwa. Baadhi ya vikundi huongeza kikao cha ziada siku za mishahara na sikukuu.

Kisha kuna jambo linalotenganisha kikundi kizuri na kibaya kuliko yote: kinamfanyia nini aliyeanguka. Mgeni anaweza kuligundua kwenye kikao cha pili au cha tatu, kwa sababu haipiti wiki nyingi bila mtu kurudi kichwa chini. Akipokelewa, akapewa chai na kuambiwa aanze kuhesabu upya, hapo pana watu wanaoujua ugonjwa wenyewe. Akisimamishwa mbele, akatozwa faini au kufukuzwa, mgeni na atafute kwingine, maana siku yake itakuja. Anayefika amelewa huombwa tu asizungumze mpaka wakati wa chai, na asiendeshe pikipiki kurudi.

Fedha nazo zina lugha yao. Kikundi cha kusaidiana hakina kiingilio. Kapu ni la hiari, la kodi ya chumba na majani ya chai. Palipo na ada ya usajili, fomu ya kujaza namba ya kitambulisho, au chupa ya dawa ya miti shamba inayouzwa mwisho wa kikao, hapo ni biashara. Vilevile pawe na tahadhari na vituo vya mitaani vinavyofunga watu minyororo, kuwachapa au kuwanyima chakula kwa jina la kuwanyoosha. Hakuna tiba ya uraibu inayohitaji mnyororo, na ndugu aliyempeleka mtu mahali hapo ana wajibu wa kwenda kumtoa. Kenya, kituo cha kulaza watu kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa na NACADA, na familia inaweza kuuliza kabla ya kulipa.

Dini huleta swali gumu zaidi, na majibu si mamoja. Kikundi cha parokia kinaweza kuwa kizuri sana kwa muumini na kisifae kwa jirani yake. Pwani na Visiwani, Mwislamu anayekunywa hubeba aibu mara mbili, kwa hiyo msikitini hasemi na kwenye ukumbi wa kanisa haingii. Soba hausi za Zanzibar zilitatua hilo kwa vitendo: hatua 12 zinafanyika, na swala tano zinaswaliwa. Huko Baltimore, Marekani, Waislamu walianzisha mwaka 1989 vikundi vyao vya Millati Islami kwa mtindo unaokaribia huo.

Wanawake wana vizingiti vyao. Mlevi mwanamume huitwa mgonjwa au mkorofi, lakini mlevi mwanamke huitwa malaya, na akionekana kwenye kikao cha wanaume 12 na yeye peke yake, mtaa humaliza habari kabla hajafika nyumbani. Ndiyo maana Eldoret walitenganisha vikundi. Anayetafuta kwa ajili ya mwanamke aulize kwanza kama kuna kikao cha wanawake, kama watoto wanaruhusiwa kuja, na kama kinaisha kabla ya giza. Kuna pia suala la riziki ambalo vitabu vya Marekani havikuliona. Wapishi wa pombe za kienyeji Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ni wanawake, na mama anayeonja pipa ili ajue kama limeiva hawezi kuacha kunywa huku akiendelea kupika. Kwake kikundi kisichozungumza habari ya genge, cherehani au kuku wa kufuga kimemwachia nusu ya tatizo.

Mara nyingi anayetafuta kikundi si mlevi mwenyewe. Ni mke, mama au mtoto wa kidato cha tatu. Nao wana vikundi vyao: Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 na Lois Wilson, mke wa Bill, pamoja na rafiki yake, na Alateen ya vijana iliyofuata mwaka 1957. Pale ambapo vikundi hivyo havipo, vikao vya wazi vya AA huwapokea. Mafunzo yake ni magumu kumeza. Ndugu hufundishwa kuacha kulipa deni la baa, kuacha kumpigia mwajiri simu kwamba mgonjwa ana malaria, na kuacha kutafuta chupa zilizofichwa. Jingine ni la usalama kabisa: wapo wanaomtilia mlevi disulfiramu kwenye chai bila yeye kujua. Dawa hiyo ikikutana na pombe huporomosha presha na kuusumbua moyo, na imeshaua watu. Mtu huinywa kwa hiari yake na kwa maelezo ya daktari, au hapewi.

Palipo na simu yenye intaneti, vikao vya mtandaoni huziba pengo. Viliongezeka sana wakati wa korona mwaka 2020 na vingi havikufungwa tena. Mlevi wa Sumbawanga anaweza kuingia kwenye kikao cha Nairobi usiku huohuo akiwa amezima kamera, na Mswahili aliyeko Minneapolis anaweza kupata watu wa kuzungumza nao kwa lugha yake. Hasara yake ni bando, na upweke: hakuna anayeona macho mekundu wala kusikia harufu, na kuficha ni rahisi mno. Vikao hivyo vinafaa zaidi kama nyongeza ya kikundi cha karibu, au kama daraja la kusubiria mpaka kipatikane.

Na kisipopatikana kabisa, watu wawili wanatosha kukianzisha. Kwa kanuni za AA, wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi hawajafungamana na chama, dhehebu au kampuni. Chumba cha zahanati baada ya saa za kazi, darasa la shule ya msingi au ukumbi wa parokia hufaa, baraza la nje halifai kwa sababu kila apitaye husikia. Ni busara mtendaji wa kijiji au chifu aambiwe mapema kwamba kuna mkutano wa afya kila wiki, ili isidhaniwe ni siasa, lakini asipewe majina. Zahanati nayo ijue, ili mgeni anayetetemeka awe na pa kupelekwa.

Kosa linaloviua vikundi vipya mapema ni kuvigeuza kikoba kabla havijakomaa. Wazo ni la asili, maana watu walioacha kunywa huanza kubakiwa na fedha, na kuweka akiba pamoja ni jambo jema. Ila mkopo usiolipwa humfanya mdaiwa asije kwenye kikao, na asipokuja hunywa. Wanaotaka akiba waiweke siku nyingine, na daftari jingine.

Wiki za mwanzo mara nyingi anayefungua mlango huwa peke yake. Hukaa saa nzima, husoma kurasa chache, hufunga, na wiki inayofuata hufungua tena, kwa sababu yule aliyeambiwa na muuguzi huenda akapita mara mbili nje kabla ya kuingia. Vikundi vingi hukaa na watu 3 au 4 kwa miezi, kisha hukua kwa ghafla mmoja wao anapofahamika mtaani kwamba kweli ameacha. Vikifikisha watu 15 au 20, saa moja haitoshi tena kila mtu kusema, na hapo hufunguliwa kikao cha pili cha wiki, kwa kawaida Jumamosi jioni.